Wakwe zangu wa Tanga wanakuja, chai ya usiku naiandaaje? Na baba mkwe nakaa naye meza moja?

BintiRungwe:

Wapendwa habari za jioni, naombeni ushauri hasa nyie wa pwani na wale mlioolewa kabila tofauti na lenu. Mimi ni Mnyakyusa wa Rungwe, mume wangu ni mtu wa Tanga mjini, tunaishi Dar na ndoa yetu bado changa. Sasa wazazi wake wote wawili wanakuja kukaa kwetu kama wiki mbili hivi, na juzi mume kaniambia kwa furaha zake zote kwamba nisihangaike na mapishi ya usiku kwasababu kwao usiku hawapiki ugali wala wali, usiku kwao ni chai. Yaani chai, mkate au maandazi na kitu cha pembeni, halafu nyumba nzima inakaa mezani wanaongea mpaka wanachoka.

Mi nimeshtuka. Kwetu chai ni ya asubuhi. Mama anachanganya maji na maziwa kwenye sufuria kubwa, majani humohumo, sukari humohumo, ikichemka anachuja anatia kwenye chupa, pembeni ndizi za kuchemsha au magimbi au viazi vitamu, na kila mtu anachukua kikombe chake, wengine wananywea jikoni karibu na moto maana kule kwetu mvua na baridi hazina likizo. Usiku ukimpa mtu mzima chai na mkate ataona umemlaza njaa. Kwahiyo hata sijui naanzia wapi, chai yenyewe iwe ya maziwa au ya rangi, vitafunwa gani, saa ngapi, na sukari natia mwenyewe au naacha? Mama mkwe ana kisukari kama hiyo inasaidia kunishauri. Pia anakuja na mjukuu, mtoto wa wifi yangu, ana miaka miwili, sijui kama na yeye anapewa chai.

Lakini hilo la mapishi naweza kujifunza. Linaloninyima usingizi ni baba mkwe. Kwa mila zetu mkamwana na baba mkwe wanaepukana. Bibi yangu alinisimulia kwamba enzi zake akisikia baba mkwe anakuja kwenye njia anaiacha njia anaingia kwenye migomba mpaka apite. Mama yangu hakufika huko ila hata yeye chai ya babu alikuwa hampelekei mwenyewe, anamtuma mtoto, na mara nyingi nilikuwa natumwa mimi, nashika kikombe kwa mikono miwili natembea polepole isimwagike. Nimekua naona hivyo ndo heshima yenyewe. Leo nikae meza moja na baba mkwe, nimmiminie chai na mimi ninywe mbele yake tukitazamana? Moyo unakataa kabisa. Na nikijificha jikoni naogopa wataona nawadharau. Nisaidieni jamani.

MwanaNgamiani:

Karibu Tanga mdogo wangu, umeolewa pazuri. Kwanza toa hofu, chai ya usiku sio shida ya pesa wala sio kulala njaa. Mchana watu wamekula wali au ugali wa kushiba, samaki, mboga, basi usiku tumbo linapewa kitu chepesi. Mimi nimezaliwa nimeikuta na mpaka leo nyumbani kwangu ndo hivyohivyo, wanangu ukiwapa wali usiku wanauliza leo kuna mgeni gani.

Chai yenyewe usiku tunapenda ya rangi yenye viungo, tangawizi ya kutosha, iliki, mdalasini, karafuu chache sana maana zikizidi inakuwa dawa, ukipata na mchaichai weka. Ya maziwa tunakunywa zaidi asubuhi, ingawa kuna nyumba zinataka maziwa muda wote kwahiyo muulize mume wako, ye si ndo kalelewa pale. Vitafunwa sasa ndo utamu wa meza. Boflo, yaani mkate wa dukani wa kawaida, linatosha kabisa ukiwa na kitu cha kulia, samaki wa kukaanga, mbaazi za nazi, maharage ya nazi, hata mayai. Ukitaka kuwafurahisha zaidi weka vitumbua siku moja, mahamri siku nyingine, na siku ya kwanza weka mkate wa kumimina, mama mkwe akiuona ataelewa umejituma.

Muda ni baada ya isha. Wakitoka kuswali wakute meza iko tayari, chupa imejaa, vikombe na visahani, sukari kwenye kibakuli chake na kijiko. USITIE SUKARI KWENYE SUFURIA. Kwetu hiyo ni kumpangia mtu mzima mdomo wake. Kila mtu anatia yake.

Kitu kingine ambacho hukukiuliza lakini nitakwambia maana mabinti wengi wa bara hawakijui, wazee wetu wakishaswali alfajiri wanataka chai palepale. Sio kifungua kinywa, hicho kitakuja baadae na vitafunwa vyake, ni kikombe kimoja tu cha moto. Ukisubiri saa mbili asubuhi wao wameshakaa masaa matatu mazima wanatazamana na chupa tupu na hawatakwambia, watanyamaza. Suluhisho rahisi, kabla hujalala chemsha tia kwenye chupa nzuri inayotunza moto, weka mezani na vikombe viwili, watajihudumia.

Kuhusu baba mkwe mimi nakwambia ukweli, kwetu kutokukaa mezani itamuuma. Baba wa Kitanga akishakula chai na mkamwana wake ndo anahisi kapata mtoto wa kike. Ila sijui mila zenu zina uzito gani kwahiyo waachie wenyeji wa huko waseme.

MamaKangema:

Mimi ni Mkenya, niko Murang'a, nimesoma hii nikaona wacha niseme kitu. Dada usijibadilishe mpaka ukajipoteza. Hiyo ni nyumba yako na ya bwanako, si ya wakwe. Chai ya usiku wape vile wamezoea, hakuna ubaya, lakini asubuhi wape chai ya kwenu, hiyo ya maziwa yenye imechemkia ndani ya sufuria mpaka ikabadilika rangi, na nduma, hayo magimbi yenu, au ndizi kando. Na wao wajue wameoa wapi.

Huku kwetu mgeni hawezi toka bila chai, haijalishi ni saa ngapi, hata akiwa amekuja kukuletea tu ujumbe na pikipiki imemngoja kwa gate. Nusu maji nusu maziwa, tangawizi kama iko, na inaletwa na chupa mezani mgeni ajiongeze. Mtu akikupea strungi, chai bila maziwa, na ng'ombe anaonekana hapo nje utajua hakukutarajia ama amekasirika. Familia yetu ni ya majani, nyanya yangu alikuwa akichuna na kupeleka kwa buying center toka hiyo KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo wa Kenya, ianzishwe 1964, na mimi bado nachuna, majani mawili na kichipukizi chake, asubuhi na mapema kabla jua lichome. Kwa hivyo mtu akikataa chai yangu mimi huhisi vibaya sana, najua kazi yenye iko ndani ya hicho kikombe.

Wakati wa ruracio, sherehe ya mahari kwetu Wakikuyu, kabla ya mazungumzo yoyote wageni hupewa chai kwanza. Hakuna mtu huanza kuongea mambo ya mahari na watu wenye hawajakunywa kitu. So hiyo meza yako usiiogope, chai hufungua watu midomo.

Kaka Tabata:

Mbona hakuna aliyemuuliza mume? Mimi nimeoa pia nje ya kabila langu na wazazi wangu walipokuja chai ya usiku nilipika mimi. Najua baba anaipenda vipi, najua mama tangawizi akitaka ichubue koo, kwanini nimsumbue mke wangu kukisia vitu ambavyo mimi nimekulia navyo? Mwambie mumeo usiku wa kwanza aingie jikoni na wewe mpike pamoja. Wazazi wakimuona hawatakuona mvivu, na kama wataona hivyo basi ye ndo atawajibu.

MwanaNgamiani:

@Kaka Tabata hapo umesema la maana ingawa mama mkwe akikuta mwanawe jikoni usiku wa kwanza atakuja kumtoa mwenyewe, nawajua mama zetu. Ila kupika pamoja sawa, aelekeze kiasi cha viungo.

MzeeMuheza:

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Nimeingia hapa kwasababu moja tu, binti anasema ametoka Rungwe kaolewa Tanga na anaogopa hatakuwa na la kuongea na mkwewe mezani. Binti yangu, wewe na mkweo mna jambo la kuongea kabla hata hamjafahamiana. Majani ya chai hapa nchini yalianzia kwenu na kwetu! Wajerumani walianza kuyajaribu Amani, huku kwetu Muheza milimani, mwaka 1902, kwenye kile kituo chao cha utafiti wa kilimo, halafu 1904 wakayapanda Kyimbila, na Kyimbila unaijua wewe kuliko mimi, iko jirani na Tukuyu hapo. Kilimo cha kibiashara kimekuja kushika baadae, 1926, wakati wa Mwingereza, ndo yakaenea Mufindi na Usambara na kwingine. Kwahiyo mzee akikaa mezani muulize tu, baba hivi ulishafika Amani? Mtu wa Tanga wa umri huo lazima ana habari ya Amani, kama hakufanya kazi huko basi ndugu yake alifanya, utakaa unasikiliza mpaka chupa iishe.

Na iliki usinunue ile ya pakiti iliyosagwa. Iliki ya Usambara Mashariki wakulima wetu wanailima chini ya miti ya msitu, na pilipili manga, mdalasini, karafuu, vyote vinatoka huku. Waambie wakwe zako wakuletee kutoka Tanga, watafurahi kuagizwa. Mgeni mzazi anapenda kuagizwa kitu, anajua anahitajika.

MuuguziMama:

Nimefanya kazi kliniki ya mama na mtoto muda mrefu sana, naomba niongelee yale mawili uliyoyagusa juujuu, mtoto na kisukari, maana humu kila mtu ameruka.

Mtoto wa miaka miwili chai ya majani asipewe. Najua kwenye familia nyingi mtoto anachovyewa mkate kwenye chai tangu hajaota meno, na hakuna anayefanya hivyo kwa ubaya, wengine ndo wameona bibi zao wakifanya. Lakini majani ya chai yana vitu vinavyoshika madini ya chuma kwenye chakula yasiingie mwilini, hasa chuma cha kwenye mboga, maharage na nafaka ambacho ndo chakula chetu kikubwa, na watoto wa umri huo ndo tunaowapokea wamepauka viganja kwa upungufu wa damu. Tumbo lake dogo, akishiba chai ya sukari na maandazi chakula hakiingii. Mpe maziwa, mpe uji, akitaka kikombe kama cha babu mpe kikombe kama cha babu chenye maziwa ya uvuguvugu na iliki kidogo, mtoto anachotaka ni kukaa na watu. Na wenye vichanga, chini ya miezi 6 ni maziwa ya mama tu, hata maji hapana.

Hilo la chuma linamhusu pia mama mjamzito na msichana anayepata hedhi nzito. Sisemi waache chai, wainywe mbali na chakula, waache kama saa moja hivi kabla au baada. Sasa kwa meza hii ya usiku ambapo chai ndo chakula chenyewe, ukiwa mjamzito siku zingine chagua maji ya tangawizi bila majani ya chai, na utakaa na wenzako.

Mama mkwe mwenye kisukari, hapo MwanaNgamiani kasema vizuri kabisa, sukari ikae mezani. Sufuria ikishatiwa sukari hakuna anayejua amekunywa kiasi gani. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza kwa mtu mzima mwenye afya iwe chini ya gramu 50 kwa siku na ikiwezekana 25, na kijiko cha chai ni kama gramu 4, kwahiyo vijiko sita tu umeshafika hiyo 25. Mtu wa vijiko vinne kwa kikombe na vikombe vitatu kwa siku, piga hesabu mwenyewe, na huyo ni mzima, sembuse mgonjwa. Mdalasini na iliki vikiwa vingi ulimi unasahau sukari kidogo. Na yule mama sio chai tu, angalia na mezani, mkate mweupe na vitumbua na mkate wa kumimina vinapandisha sukari vilevile. Muwekee mbaazi nyingi, samaki, yai, mkate kipande kimoja. Usimtangazie mbele ya watu, pakua tu vizuri.

La mwisho, kuna huu ufahari wa chai iunguze. Mzee anapewa kikombe anasema hii imepoa wakati mvuke unapanda. Taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 iliviweka vinywaji vya moto sana, vya zaidi ya nyuzi 65, kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio, hili bomba la kupitisha chakula. Na ukanda wetu huu wa Afrika Mashariki ugonjwa huo tunao sana. Kosa sio chai, kosa ni ule moto. Ikimiminwa ikae dakika chache, kumimina kwenye kisahani kama walivyofanya wazee wa zamani kulikuwa na faida yake.

MamaKangema:

@MuuguziMama asante kwa hiyo ya moto, huku kwetu wazee hawakubali kabisa, babangu akiona mtu anapuliza kikombe anasema hiyo si chai ni maji ya kuoga. Nitamsomea.

Mwalimu Mstaafu Tukuyu:

Binti, nimekuelewa vizuri kuliko wote humu kwasababu natoka hukohuko. Ulichoeleza cha bibi yako kuingia kwenye migomba ni kweli tupu na vijana wa mjini wasikione kama ushamba. Ilikuwa ni namna ya kulinda nyumba ya mwanao, baba anamheshimu mke wa mwanawe kwa kumwachia nafasi, na yeye anamheshimu baba kwa kumpisha. Hakukuwa na chuki ndani yake.

Ila mila hiyo hata kwetu imelegea na haikulegea leo. Wamisionari wa Moraviani na wale Walutheri wa Kijerumani waliingia Rungwe tangu 1891, watu wakaanza kukaa kanisa moja, baba mkwe upande huu mkamwana upande ule, baadae shule, baadae mabasi. Mimi mwenyewe ni baba mkwe sasa. Mke wa mwanangu wa kwanza alikuwa anapitisha chai yangu kwa mjukuu kama ulivyokuwa unafanya wewe, na nikaiheshimu. Mke wa mwanangu wa pili ni Mchaga, alikuja siku ya pili tu akavuta kiti akakaa akaniuliza baba nikuongeze? Nilishtuka nakiri, lakini niliona anavyonitazama kwamba kwake hiyo ndo heshima, basi nikamwambia niongeze. Kwahiyo heshima inategemea inapokelewa na nani. Mkweo ni mtu wa pwani, ataisoma kwa macho ya pwani, ukijificha jikoni hatajua kwamba unamheshimu, atajua tu kwamba haupo.

Nakushauri hivi. Mumeo azungumze na baba yake kabla, kwenye simu, sio siku ya kufika. Amwambie waziwazi kwamba mke wangu kwa mila za kwao mambo yako hivi, akionekana ana aibu mjue anawaheshimu. Mzee mwenye busara akishaambiwa hivyo atakusaidia mwenyewe, hatakukazia macho, ataongea na wengine kwanza. Usiku wa kwanza mimina chai yake ya kwanza wewe mwenyewe, mpe kwa mikono miwili na upige goti kidogo kama tunavyosalimia kwetu, hiyo inaeleweka Tanga, inaeleweka Rungwe, inaeleweka kokote. Halafu kaa upande aliokaa mama mkwe, pembeni yake, usikae kumkabili baba. Kunywa au usinywe, siku ya kwanza hakuna atakayehesabu. Na yule mtoto wa miaka miwili umpakate, mtu mwenye mtoto mapajani hakosi pa kuweka macho.

BintiRungwe:

Mwalimu umenitoa machozi, Mungu akuweke. Ndaga fijo, asante sana. Hilo la mume kumpigia baba yake simu sikuwahi kulifikiria, nilikuwa nawaza kila kitu nikibebe mimi. Nimeshamwonesha huu uzi mume wangu kasoma wote, kasema atapiga kesho, na kasema kweli hakuwa anajua kwamba kwetu iko hivyo, yeye alidhani naona aibu tu kwasababu ni mgeni. MuuguziMama asante sana, kumbe mpaka wifi inabidi nimwambie kuhusu mwanae.

Nimebakiwa na mawili. Mkate wa kumimina mbona nikijaribu unakuwa mgumu chini na juu mbichi? Na chai ya maziwa ya asubuhi nikiweka tangawizi maziwa yanakatika, nyumbani mama hakuwa anaweka tangawizi kwahiyo sikujifunza.

BibiWaMaskati:

La maziwa nijibu mimi maana chai ya maziwa ndo kazi yangu ya kila siku. Tangawizi mbichi ikikutana na maziwa kabla haijapikwa inayakata, iko hivyo yenyewe, hata jibini watu wengine wanagandisha kwa tangawizi. Sasa fanya hivi, ponda tangawizi na iliki kwenye kinu, tia kwenye MAJI peke yake, chemsha mpaka maji yageuke rangi na harufu ijae nyumba, dakika tano na zaidi, tia majani, yakichemka kidogo ndo umimine maziwa, na maziwa yawe mazima sio ya jana. Punguza moto, iache ipande na kushuka mara kadhaa huku unaikoroga na kuimimina kwa upawa kutoka juu. Haikatiki. Majani yetu ya Afrika Mashariki ya punjepunje yanatoa rangi haraka kwahiyo usiyachemshe sana kama viungo, yatakuwa machungu.

Mimi ni mtu wa Ng'ambo, Unguja, niko Maskati, Oman, miaka mingi, na huku familia zilizotoka kwetu ziko nyingi, wengi walikuja baada ya 1970 Sultan Qaboos aliposhika nchi akawaita watu wa asili ya huku warudi. Ukiingia nyumba hizo jioni baada ya alasiri utasikia Kiswahili na utakuta mandazi. Mgeni akifika kwanza anapewa tende na kahawa chungu kwenye finjani ndogo, hiyo ndo ada ya Oman, akitosheka anaitikisa finjani kidogo anarudisha. Baada ya hapo ndo inakuja chai ya maziwa ya Kiswahili kwenye vikombe vikubwa na watu wanalegea sasa, wanaanza habari za Unguja. Watoto wetu wa huku wanapenda karaki, ile ya maziwa ya kopo na iliki na wengine wanatia zafarani, wanainunua barabarani wananywea kwenye gari. Siipingi, ni tamu, lakini nimewaambia wanangu usiku saa mbili nataka niwaone mezani na chai ya mkandaa, hiyo ya rangi, ya nyumbani, simu zikae chumbani, na wanakuja. Mkubwa ana mke wake sasa, Mwarabu wa huku ambaye kwao usiku wanakula wali, alianza kwa kukaa tu bila kunywa, leo yeye ndo anaponda iliki. Mpe mumeo na wakwe zako muda kama huo na wewe jipe.

MwanaNgamiani:

Nimerudi kwa ajili ya mkate. Shida yako ni moto dada. Mchele loweka usiku kucha, nusu kilo kwa kuanzia, asubuhi chuja usage na tui zito la nazi moja mpaka ulainike kabisa usisikie punje, tia hamira kijiko cha chai kimoja na iliki. Sukari kwa kawaida watu wanatia kikombe kizima ila kwa ajili ya mama tia nusu au chini ya hapo, hamira inataka sukari kidogo tu kuamka. Uji wake uwe mzito wa kumiminika, kama wa maandazi hapana. Funika uache uumuke mpaka ujae mapovu, ukishaumuka USIUKOROGE tena, wengine wanaongeza ute wa yai hapo mwisho kwa mkono mwepesi.

Sufuria ipake mafuta ipate moto kwanza kabla hujamimina. Moto wa chini uwe mdogo sana, makaa machache yaliyofifia, na juu ya mfuniko ndo uweke makaa mengi. Wewe nahisi unafanya kinyume, chini kunaungua juu kubichi. Kama una oveni washa juu na chini, moto wa kati, usifungue fungue. Ukitoboa kwa kijiti kikatoka kikavu umeiva, uache upoe ndani ya sufuria ndo uutoe, ukiutoa wa moto unakatika.

Jaribu mmoja wiki hii kabla hawajafika uje utuambie. Na mwambie baba mkwe hiyo iliki aje nayo, asisahau.